Ajuaye Ana Deni

Kila mwaka vijana wengi wa nchi yetu huingia vyuo vikuu, na baadhi yao huanza na somo ambalo wazazi wao hawakulisikia walipokuwa shuleni: ikolojia na sayansi ya mazingira. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe ada ana haki ya kuuliza: Je, somo hili lina faida gani? Na mtoto wangu akiisha kulijua, atakuwa mtu wa namna gani? Swali la kwanza watalijibu wenye kuajiri watu. Sisi leo twataka kulitazama la pili, maana ni swali la dhamiri: mtu akiisha kujua madhara ya jambo, ana deni gani kwa jirani yake asiyejua?

Neno ikolojia lilitungwa mwaka 1866 na Ernst Haeckel, mtaalamu wa Ujerumani, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote. Basi hii ni elimu ya nyumba: nani akaa ndani yake, nani ala nini, na takataka zaenda wapi. Mambo ya kwanza afundishwayo mwanafunzi ni mepesi kuyataja: kila kiumbe hutegemea kingine, wala hakuna kitu kinachotupwa kikatoweka kabisa, hugeuka tu, au huhamia kwa mwingine. Mama yeyote mwenye nyumba ayajua hayo. Ugumu waja pale nyumba inapokuwa kubwa kama Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na nchi tatu ukingoni mwake.

Ziwa hilo limekwisha kutupa funzo kubwa. Zamani lilijaa furu, samaki wadogo wa aina nyingi ajabu. Wataalamu hukadiria kuwa aina zao zilifika 500 hivi. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine wadudu wa matopeni, kila mmoja na kazi yake. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara alitiwa ziwani upande wa Uganda na Kenya, ili awale furu hao na kuwageuza kuwa nyama ya samaki mkubwa mwenye thamani. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja, Geoffrey Fryer, aliandika kulipinga shauri hilo. Hakusikilizwa. Ilipofika miaka ya 1980 sangara aliongezeka mno hata katika Ghuba ya Mwanza, na furu wakatoweka mbele ya macho ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakiwachunguza hapo tangu mwaka 1977. Tena furu alikaushwa kwa jua tu; sangara ana mafuta mengi, hukaushwa kwa moto. Kwa hiyo samaki aliyetiwa majini alikata miti ya nchi kavu, jambo ambalo wengi hawakulifikiri.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Sangara alileta viwanda Mwanza, nyama yake ikauzwa hata Ulaya, na watu wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha yake. Labda hata huyo mwanafunzi wa ikolojia alilipiwa ada kwa sangara. Asemaye kuwa samaki huyu ni hasara tupu hajaonja njaa. Lakini yatupasa kuona jambo moja: waliomtia ziwani hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye elimu, na onyo walikuwa nalo. Kosa lao ni kwamba walitenda jambo lisiloweza kutanguliwa, bila ya kuwauliza wale ambao wangelipa gharama yake: mvuvi wa mtumbwi, na mama aliyeanika furu juu ya mwamba. Sangara alipopungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu walionekana tena. Wengine wengi hawakurudi. Basi twaona kwamba elimu peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema.

Sasa tusogee karibu zaidi. Mto Mirongo hushuka kati ya vilima vya mawe vya Mwanza, hupita katikati ya mji, ukaingia ziwani. Juu ya vilima hivyo watu wamejenga nyumba zao mwambani, ambako kuchimba choo kirefu ni kazi ngumu, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda. Mvua kubwa ikinyesha, wako watapishao vyoo vyao, na maji huchukua yote mpaka mtoni. Nao mji huo huo, kwa miaka mingi, umechota maji yake pale Capri Point, mwendo mfupi kutoka hapo. Maji ya bomba husafishwa kwa mitambo na dawa. Bali achotaye kwa ndoo ufukweni hana mtambo. Tena uchafu huo ni mbolea: hukuza mwani, mwani ukifa huoza, na kuoza huko humaliza hewa iliyomo majini hata samaki wakose pumzi.

Nani basi ana hatia? Haba na haba hujaza kibaba, na kila mmoja husema kuwa haba yake si kitu. Hapo ndipo dhamiri hulala. Sisi twaona kwamba hatia hupimwa kwa vipimo viwili: mtu ajua kiasi gani, na ana uwezo gani wa kutenda. Mama wa kilimani asiye na pengine pa kumwaga ana hatia ndogo. Mwenye nyumba apokeaye kodi ya wapangaji wengi bila ya kuwajengea choo ana kubwa zaidi. Na msomi ajuaye yote haya, mwenye nafasi ya kusema akanyamaza, hawezi kujificha nyuma ya umati.

Mtu atasema: Kama ni hivyo, heri kutojua. La! Afumbaye macho makusudi amekwisha kuona kitu asichotaka kukitazama. Kutojua kwa namna hiyo hakumwondolei mtu deni, humwongezea woga tu.

Lakini deni la msomi si kukemea watu. Mwanafunzi arudiye likizo akamkaripia mama yake kwa ajili ya ndoo ya majitaka, amejifunza dharau, hajajifunza ikolojia. Na aulize kwanza kwa nini watu hutapisha vyoo, na ataona kuwa hawana bomba la majitaka. Katika miaka ya karibuni mamlaka ya maji ya Mwanza ilianza kuziunganisha nyumba za vilimani na mabomba madogo ya majitaka. Kazi hiyo yafaa kuliko makaripio mia. Na apime maji, aandike aliyoyaona, awaeleze viongozi na majirani kwa lugha wanayoielewa, akiri pia asiyoyajua. Asiposikilizwa, asiache kusema.

Nanyi wazazi, mtoto wenu akirudi, msimwulize tu atapata kazi gani. Mwulizeni maji ya mto wenu yaenda wapi, na nani ayanywa. Akiweza kuwajibu, ada yenu haikupotea. Nanyi mkiisha kulisikia jibu lake, mmekuwa wadeni pamoja naye.