Usiku ni wa Nani?

Katika mji wa Same, chini ya milima ya Upare, zipo nyumba nyingi za kupangisha zilizojengwa kwa mtindo mmoja: vyumba sita au vinane vyatazamana, ukumbi u katikati, ua mmoja nyuma, na bati moja juu ya wote. Mara nyingi dari haipo, nazo kuta za vyumba hazifiki paani. Tena Same ni mji wa joto, na madirisha hayana budi kukaa wazi usiku. Basi katika nyumba kama hiyo hakuna siri ya sauti. Mmoja akifungua redio, wamefunguliwa wote.

Wapo wasemao: “Chumba ni changu, kodi nimelipa, asiyependa na ahame.” Neno hili husikika Same, na husikika vilevile katika maghorofa ya Dar es Salaam, ambako sakafu ya mmoja ndiyo dari ya mwenziwe. Je, ni neno la haki?

Twajibu kwamba si la haki, kwa sababu lachanganya mambo mawili. Kodi hununua matumizi ya chumba. Hainunui masikio ya aliye upande wa pili wa ukuta. Jicho lina kope, mtu aweza kulifumba. Sikio halina kifuniko. Apigaye muziki saa saba ya usiku hatumii mali yake tu. Anatumia pia usingizi wa muuguzi atakayeamka alfajiri kwenda zamu, na wa mtoto mwenye mtihani kesho, wala hakuwaomba ruhusa.

Wazee wa Upare walilijua jambo hili kwa njia ya maji. Mlimani walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mifereji. Usiku ndiva hujaa. Mchana hufunguliwa, na kila mwenye shamba humwagilia kwa zamu. Afunguaye ndiva usiku kwa siri haibi maji ya usiku tu. Aiba mavuno ya watu wote. Usingizi nao ni ndiva ya nguvu za mwanadamu. Hujazwa usiku ili kesho kuwe na kazi, subira na akili njema. Auvunjaye huiba kesho ya jirani yake.

Serikali nayo imeona hivyo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilitungwa mwaka 2015 kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, na mwaka 2022 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilifungia baa na kumbi kadhaa za starehe. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba sauti ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Hayo yote ni mema. Lakini kipimo cha desibeli hakijui tofauti ya disko na msiba. Hupima ukubwa wa sauti, hakipimi haja yake.

Hapo ndipo alipojikwaa hata mwenye hekima. Mwanafalsafa Immanuel Kant, wa mji wa Königsberg katika Prussia ya zamani, alikaa karibu na gereza, na wafungwa waliimba nyimbo za dini kwa sauti kuu. Mwaka 1784 alimwandikia rafiki yake Hippel, aliyekuwa meya wa mji, akiomba sauti hizo zipunguzwe. Baadaye akalirudia jambo hilo kitabuni: waimbao ibada ya nyumbani kwa makelele huwalazimisha majirani ama kuimba nao ama kuacha kufikiri. Nasi wenye dini yatupasa kuipokea lawama hiyo. Ua mmoja wa Same waweza kuwa na Mwislamu, Msabato, Mlutheri na Mkatoliki. Siku takatifu ya mmoja ni siku ya kufua na redio kwa mwingine. Mkesha wenye vipaza sauti vinavyowatikisa wagonjwa wa mtaa hauongezi sifa ya Mungu. Nabii Eliya kule Horebu hakumkuta Mungu katika upepo wa nguvu, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali alimtambua katika sauti ndogo ya utulivu.

Hata hivyo Kant alisahau jambo moja. Mfungwa yule hakuwa na kitu kingine kiwezacho kutoka nje ya ukuta, ila sauti yake. Kwa hiyo kabla ya kulalamika na tuulize: sauti hii ni ya anasa au ya haja? Kilio cha mtoto mchanga si kosa. Kikohozi cha mzee si kosa. Maombolezo ya wafiwa hayana saa. Atakaye ukimya hata mbele ya hayo hatafuti haki. Ataka kuishi peke yake ulimwenguni.

Tena iko sauti ambayo hatuna ruhusa kuikwepa. Mlimani, migomba ilitenga boma na boma, lakini yowe likipigwa, majirani hutoka. Leo mjini, mke apigwa nyuma ya ukuta mwembamba, na jirani hupandisha redio yake akisema, “Hayo ni mambo yao.” Hapo twaona ubaya mkubwa wa kelele: huua yowe. Nyumba iliyozoea makelele kila usiku haitaitambua sauti ya mtu aliye hatarini. Basi twanyamaza usiku ili jirani alale. Twanyamaza pia ili, akiita, tumsikie.

Wafanye nini basi walioudhiwa? Wasiende saa saba ya usiku na hasira. Waende asubuhi, kwa hodi na salamu, kwa maana wengi hawajui sauti yao yafika wapi. Wapangaji wakae uani wapatane saa ya kuzima redio, na atakayekuwa na harusi au msiba awaarifu wenzake mapema. Mwenye nyumba naye apandishe kuta hadi paani na kutia dari, kwani sehemu ya ugomvi ameijenga yeye. Yote yakishindikana, mwenyekiti yupo, na sheria ipo.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: kelele ya mwenzetu ni adha, ya kwetu ni furaha. Usiku huu, kabla ya kuiongeza redio, kila mmoja na atoke kidogo mlangoni asikilize nyumba nzima. Huenda yuko mtu asiyelala, naye hana nguvu ya kugonga ukuta.