Ghala Bila Nafaka

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali. Ghala likiondolewa nafaka, likaondolewa na ng'ombe, likabaki na mawe yake tu, je, tumehifadhi ghala au tumehifadhi maiti yake?

Swali hili linatoka mashambani kule Wales, nchi ya milima na mvua upande wa magharibi wa Uingereza, ambako wakulima walijengea jiwe lililokuwa karibu na kuezeka kwa sleti. Usidhani kuna mtu alikaa akachora uzuri. Wapi! Kila tundu lina kazi. Ghala lina milango miwili mikubwa inayotazamana, maana katikati yake ndipo walipopura nafaka, na upepo ukipita hapo unapeperusha makapi bila kudai ujira. Ukutani kuna matundu membamba, marefu, ili hewa iingie mazao yasioze. Mengine yana kitundu juu kabisa, cha bundi. Ndiyo, bundi! Huyu tunayemfukuza usiku kwa kuogopa uchuro, wenzetu walimwachia mlango aingie ale panya.

Halafu kuna nyumba ndefu, kwa Kiwelisi tŷ hir. Watu upande wa juu wa mteremko, ng'ombe upande wa chini ili uchafu ushukie huko, wote chini ya paa moja. Mojawapo ni Cilewent, iliyojengwa upya kwa mawe mwaka 1734. Ilibomolewa jiwe kwa jiwe ikahamishiwa St Fagans karibu na Cardiff, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1948. Inatunzwa vizuri, sibishi. Ila hakuna tena anayeamka usiku kwa kusikia ng'ombe akizaa nyuma ya ukuta.

Angalau makumbusho hayadanganyi. Kesi ngumu ni ghala linalogeuzwa nyumba ya likizo. Mlango wa kupuria unawekwa kioo, zizi linakuwa jiko, na mwenyewe anakuja wiki chache kwa mwaka. Kijana aliyezaliwa jirani na ghala hilo, anayeongea lugha iliyolipa jina, hana ubavu wa kulinunua. Tangu mwaka 2023 halmashauri za Wales zimeruhusiwa kutoza nyumba za pili nyongeza ya kodi hadi asilimia 300. Serikali haifiki huko kwa mchezo.

Mimi, mtu wa nyumba za kupanga, damu yangu ilisimama na yule kijana mara moja. Lakini tusiwe wepesi. Ukuta wa mawe wa kule mara nyingi ni kuta mbili zilizojazwa kokoto na vijiwe katikati. Sleti moja ikiteleza, maji yanaingia ndani, baridi inayagandisha, yanavimba, na ukuta unatoa tumbo. Ukiziba kwa saruji badala ya chokaa, unyevu unafungiwa ndani, hali inazidi kuwa mbaya. Matengenezo hayo ni pesa, na mkulima mwenye trekta lisilopita mlangoni hana sababu ya kuzitoa. Tajiri wa likizo ndiye anayezitoa. Sasa tumlaani na paa lake?

Mimi nasema anastahili shukrani ya fundi, siyo ya mrithi. Kuokoa jiwe ni jambo moja, na kumwachia mtu nafasi ya kuishi kando ya jiwe hilo ni jambo jingine. Aliyelipia la kwanza asitudai heshima ya la pili. Ningechagua ghala lenye kiraka cha bati na mtu ndani mwaka mzima, hata kama wapiga picha watanuna.

Na msiniambie kwamba jengo lisilo na kazi halina mwenyewe. Mwaka 1965 bonde la Tryweryn lilifunikwa na maji ili mji wa Liverpool upate ya kunywa. Kijiji cha Capel Celyn na mashamba yake vikazama. Kando ya barabara karibu na Llanrhystud, mbali na bonde lile, kuna gofu la nyumba ya mawe. Ukutani pameandikwa kwa rangi maneno mawili ya Kiwelisi yenye maana ya "Kumbukeni Tryweryn". Halina paa, halina mkazi, halihifadhi hata gunia moja. Aprili 2019 watu wasiojulikana waliuangusha sehemu ya ukuta huo. Wengine wakaja kwa kujitolea, wakaokota mawe yale yale, wakayapanga tena.