Je, Ilikuwa Haki Kuung'oa Mzabibu wa Maskini?



Zabibu tunazozijua wengi wetu ni za Dodoma, penye jua jingi, ambako mkulima aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Katika nchi za baridi mambo ni mengine. Huko Bourgogne, Ufaransa, iko zabibu nyeusi iitwayo Pinot Noir, nayo yataka kulelewa kama mtoto mgonjwa. Huchipua mapema, na usiku mmoja wa sakitu waweza kuunguza machipukizi. Aprili 2021 wakulima wa huko waliwasha mioto midogo shambani usiku kucha, na hata hivyo wengi walipata hasara kubwa. Ngozi yake ni nyembamba na punje zimebanana, hivyo mvua ikija karibu na mavuno huoza upesi. Tena ikiachwa izae sana, divai yake huwa nyepesi. Basi wako wakulima wanaokata vishada vizima vingali vibichi na kuviacha chini.

Hayo yote huvumiliwa kwa sababu katika baridi ile tunda huiva polepole na kutunza harufu yake.

Mwaka 1395 Philippe, mtawala wa Bourgogne, aliamuru mzabibu mwingine, Gamay, ung'olewe. Huo ulizaa sana na kuiva mapema, tena bila kudekezwa. Yeye aliuita mbaya na usio mwaminifu, akakataza hata kutia samadi.

Je, alitenda haki? Kazi njema hudai hasara, nakubali. Mahubiri juu ya kupogoa tumeyasikia sote. Lakini anayekata kishada chake kwa mkono wake ametoa kilicho chake. Aliyeng'olewa mzabibu kwa amri alitoa riziki ya watoto wake, na sifa ikamwendea mtawala. Wengi humsifu Philippe, maana leo divai ya huko ni ya bei kubwa mno. Mimi sioni kwamba bei hiyo inamtetea.

Na Gamay haukufa. Ulipata makao kusini, Beaujolais, katika udongo wa matale, nao watoa divai inayopendwa. Kumbe ubaya haukuwa wa mti.

Ningalipenda kumwuliza Philippe swali moja tu: miaka ile mitatu ya kungoja mzabibu mpya uzae, mkulima alikula nini?