Maji Mengi, Udongo Mgumu



Wapendwa vijana wenzangu, wiki hii nataka tuongee maharage. Ndiyo, maharage haya haya. Najua mliosoma bweni mmeshaanza kucheka. Vumilieni kidogo, maana kuna swali ninalokutana nalo mara kwa mara kwa vijana wa VIWAWA na TYCS, na sijapata mahali pazuri pa kulijibia kuliko shambani.

Swali lenyewe huwa hivi: Frateri, mimi nasali. Rozari kila siku, novena sikosi, mkesha wa kuabudu nipo. Mbona hasira zangu ni zilezile? Mbona dhambi ninayoiungama ni ileile tangu kidato cha pili? Au Mungu ameamua kutonisikiliza? Anayeuliza hivi hatanii. Wengine wakikosa jibu wanaondoka kimya kimya: Jumapili moja, mbili, halafu humwoni tena.

Sasa tuje kwenye maharage. Hapa seminarini tuna kazi za mikono, na kiangazi bustani inaishi kwa kumwagiliwa. Asiyejua kilimo anadhani adui ni ukavu tu: mmea ukidhoofika, ongeza maji. Kumbe mara nyingi tatizo lilikuwepo kabla ya maji. Udongo ambao haukutifuliwa, usio na samadi wala mboji, ukiumwagia maji mengi kwa nguvu, chembe zake zinashikana, na jua likipiga unatokea utando mgumu kama sakafu. Na harage halichomozi kama hindi. Hindi linatoka na ncha kali, linapenya. Harage linatoka shingo ikiwa imepinda, huku likivuta nyuma yake vile vipande viwili vya mbegu. Shingo ile ikikutana na utando, inakatika. Mbegu ilikuwa nzima, maji yalikuwepo, na mche umefia chini kabla hata ya kuliona jua.

Hata ukifanikiwa kutoka, kuna jambo lingine. Shamba linalolimwa kwa jembe kina kilekile miaka yote hujenga tabaka gumu chini. Mizizi ikifika hapo inageuka na kwenda pembeni. Juu majani yanapendeza kabisa, lakini mvua ikikata kidogo tu, yananyauka. Bwana wetu ameshaongea habari hii katika Mathayo 13, kwenye zile mbegu zilizoanguka penye mwamba. Anasema ziliota upesi kwa kuwa udongo haukuwa na kina. Yaani ule upesi ndio dalili ya ugonjwa! Makongamano nayapenda na nayahudhuria, ila machozi na shuhuda za siku ya mwisho si kipimo cha kina. Kipimo ni wiki ya tatu baada ya kurudi nyumbani.

Soma pia Luka 13:6-9. Mwenye shamba anataka mtini usiozaa ukatwe, na mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi. Ataufanyia nini? Haombi mvua. Atachimba kuuzunguka na kutia samadi, basi. Na samadi, kama unavyojua, inanuka. Ukiiweka mbichi inaunguza mizizi; inatakiwa iive, ichanganywe na udongo mapema kabla ya kupanda. Kila nikisoma hapo naona Sakramenti ya Kitubio. Yale mambo yanayonuka katika maisha yetu, ukiyafukia haraka haraka yanakuunguza. Yakitajwa kwa majina yake mbele ya padre, yakageuzwa taratibu, hayohayo yanakuwa chakula cha mizizi.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza kuhusu hasira, yawezekana kuna baba aliyeiacha nyumba na hujawahi kumsamehe, na kila jioni unamwaga rozari juu ya sakafu hiyo. Kutifua ni kumpigia simu. Kama bado huwezi, kutifua ni kumwambia padre wazi kwamba huwezi. Na wewe mwenye ile dhambi ya usiku, unaiungama kila mwezi lakini simu unalala nayo chini ya mto. Kutifua ni kuiacha sebuleni saa tatu usiku. Ni mambo ambayo kwa kuyaangalia hayana sura ya kiroho, ndiyo maana tunayaruka na kukimbilia novena nyingine.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulitumia muda mwingi kwa Aristotle na habari yake ya uwezo na utimilifu: mbegu ni mmea kwa uwezo, lakini uwezo huo haufiki utimilifu katika mahali pasipoandaliwa kuupokea. Hoja nzuri, na Mtakatifu Thomas wa Akwino aliitumia sana. Ila mtu asije akadhani kwamba kwa jembe lake anamlipa Mungu. Katekisimu, namba 2001, inafundisha kwamba hata kule kujiandaa kuipokea neema ni kazi ya neema tayari. Jembe lenyewe umepewa. Hata ile hamu ya kuuliza swali umepewa.

Udongo ukishakuwa tayari, ndipo tuongee maji. Maharage mengi yanakomaa ndani ya miezi mitatu hivi, na mahitaji yake ya maji hayalingani muda wote. Kipindi cha hatari ni cha maua na maganda machanga. Yakikosa maji hapo, maua yanapukutika, na hata ukimwaga pipa zima wiki inayofuata, maua yale hayarudi. Kijana aliye chuo, anayetafuta mchumba, anayesikiliza wito wake, yuko kwenye maua. Huo si wakati wa kupunguza sala kwa kisingizio cha ratiba.

Lakini maji yakituama, hewa inaondoka kwenye udongo na mizizi inaoza. Majani yanageuka njano, na asiyejua akiona njano anaongeza maji tena! Vijana wa namna hii tunao: Jumatatu maombi, Jumanne kwaya, Jumatano novena, Ijumaa mkesha, na katikati hamna hata nusu saa ya kukaa kimya ili Neno lishuke. Akichoka anashauriwa aongeze mkesha.

Mtakatifu Theresia wa Avila, ambaye Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, alifananisha sala na bustani inayomwagiliwa kwa njia nne: ndoo ya kisimani, gurudumu la kuvutia maji, kijito, na mvua. Anayeanza ni wa ndoo. Mikono inauma, na siku nyingine kisima ni kikavu. Lakini kwanza anasema bustani hiyo ilikuwa imejaa magugu, na Mungu mwenyewe ndiye anayeyang'oa na kupanda mimea mizuri.

Jambo moja la mwisho, kwa wale ambao sala imekauka bila sababu wanayoijua. Maganda yakianza kugeuka njano, mkulima anaacha kumwagilia. Maji mengi wakati huo yanaozesha mbegu au kuziotesha ndani ya ganda. Mama Theresa wa Calcutta, kama barua zake zinavyoonyesha, aliishi miaka mingi katika ukavu wa namna hiyo na hakuacha kuhudumia maskini. Ila kama mche wako ndiyo kwanza una majani mawili, usikimbilie kujilinganisha naye. Huenda ndoo imelala upande tangu Pasaka. Mwulize muungamishi wako, yeye atakuangalia majani.