Mama Msimkalishe

Wanangu, haya nimeyasema misibani na nimeyasema harusini. Nayarudia leo kwa sababu mnaniitikia "ndiyo, baba", kisha mnakwenda zenu. Mama akianza kulalamikia magoti, mnamnyang'anya jembe, mnamwekea kiti kivulini na kumwambia, "Pumzika mama, umetulea vya kutosha." Kwenu hiyo ni heshima. Misimu miwili ya mahindi ikipita, mama huyo haendi chooni mpaka ashikwe mkono.

Sikatai kwamba anaumwa. Mwanamke aliyepanda vilima vya Tarime na kuni kichwani tangu usichana wake, magoti lazima yamdai. Ila kinachosaidia goti kubeba mwili ni misuli ya paja, na msuli usiotumika hunyauka. Mnasema mafuta ya magoti yamekwisha, mnamnywesha maji ya bamia. Bamia ni mboga nzuri, ileni, lakini haijazi goti mafuta.

Wadenmark mwaka 2013 walianzisha mpango wa watu ambao magoti na nyonga zao zimesagika. Mgonjwa anaelezwa kwanza ugonjwa wake, kisha anafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6, chini ya mtaalamu. Baadhi yake ni mambo ya kuinuka kitini na kuketi tena, kupanda kingazi na kushuka. Wengi walipata nafuu, na nchi nyingine zikaiga. Kuinuka kitini kunatushinda nini sisi wa Nyamwaga na Mugumu?

Lakini kabla ya mazoezi, mjue anaumwa nini. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba, na asubuhi vikakaza hata saa nzima bila kulegea, msiseme amerogwa, wala msiseme ni uzee. Hiyo ni dalili ya baridi yabisi inayokula viungo kwa ndani, nayo huwapata hata wasichana wanaonyonyesha. Ina dawa zake, za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa kwa vipimo, na kidole kikishapinda dawa hazikinyooshi. Ng'ombe akichechemea mnampigia simu bwana mifugo kabla jua halijazama. Mama anachechemea mwaka mzima. Mpelekeni hospitali ya wilaya, Tarime au Mugumu. Wakishindwa, wataandika rufaa ya Musoma au ya Bugando, Mwanza.

Na hizo diklofenaki mnazonunua dukani kila mnada, mkamezeshana kama karanga! Zinatuliza kweli, huku zikichubua tumbo na kuchosha figo, hasa za mzee mwenye presha. Kuna pia vile vidonge vinavyomnenepesha uso akaonekana amepona. Daktari ndiye wa kuviandika, na ndiye wa kuviachisha.

Nawaonea wivu watu wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliwafuata majumbani mwao mwaka 2021, wakauliza nani anaumwa viungo, anaishije, na maumivu yale yanaigharimu nyumba kiasi gani. Maana mama asiyeweza kupalilia ni hasara ya shamba zima, na hasara hiyo hakuna anayeiandika. Ombeni diwani wenu na mganga mkuu wa wilaya wayalete maswali hayo Mara. Na wakija, msimfiche bibi chumba cha nyuma mkasema hayupo.

Mengine hayahitaji mtafiti. Fimbo anaishika mkono wa upande wa pili, si upande wa goti bovu; wazee wengi hapa wanakosea, nami nachoka kuwasahihisha. Dumu la lita 20 mwachieni kijana. Mafiga yainuliwe juu ya tofali, asipike ameinama. Halafu choo: mnamchuchumaza mtu mwenye magoti hayo juu ya shimo, kisha mnashangaa anakataa kunywa maji usiku. Fundi wa vitanda pale senta anaweza kuchonga kiti cha mbao chenye tundu katikati, kwa bei ya chini kuliko kuku mliowachinja Krismasi. Mwambieni aanze kesho.