Hodi Isiyoitikiwa

Mtu anayelipa ili aonyeshwe ndege analipia nini hasa? Akiagiza chakula mkahawani, analipia chakula. Kisipoletwa ana haki ya kudai. Akimlipa fundi amtengenezee kitanda, analipia kitanda. Lakini ndege si mali ya mwongozaji. Hamfugi, hamlishi, wala hawezi kumwamuru atue tawi la karibu. Hata hivyo kila siku, katika misitu ya pwani ya Kenya, bei hupatanwa na fedha hupokewa, na kati ya mwenye fedha na mwenye kujua njia yuko wa tatu ambaye hakuulizwa neno. Nataka kuuliza tunamwia nini huyo wa tatu.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ni kipande kikubwa kilichosalia cha misitu iliyowahi kufuata ufuo huu wa Afrika Mashariki. Ukiutazama kutoka barabarani utadhani ni msitu mmoja, lakini ukiingia unakuta mitatu: mirihi iliyoachana juu ya mchanga mweupe, mbambakofi na miti mchanganyiko mahali pengine, na upande wa udongo mwekundu vichaka vilivyosongamana hata jua la saa sita linaingia kwa vipande. Humo kwenye vichaka ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1966. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Nje ya pwani hii ya Kenya, anajulikana tu kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Kwetu pwani bundi akilia juu ya paa watu huanza kuwakumbuka wagonjwa wao. Huyu wa Sokoke watu huvuka bahari kumtafuta.

Tulikuwa watano, wote wa humuhumu nchini, tukimfuata mwongozaji aliyezaliwa kando ya msitu. Tuliingia kungali giza. Kwenye udongo mwekundu alitusimamisha kwa mkono, tukasikia mluzi mfupi, mwembamba, unaorudiwa kwa kipimo kilekile, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Kisha kimya. Tukangoja. Mwalimu mstaafu aliyekuwa nasi, aliyetoka Nairobi kwa ajili ya ndege huyu mmoja, akanong'ona, "Simu si unayo? Mpigie sauti yake, aje."

"Ninayo, mwalimu. Lakini jana aliitwa na wageni wengine, na juzi pia. Leo naomba tumwache."

Mwalimu hakubishana, ila hakufurahi.

Sauti hiyo ya kurekodiwa inayopigwa kwenye simu si mwaliko. Kwa ndege dume mwenye eneo lake, maana yake ni kwamba dume mwingine ameingia na anatangaza kwamba pamekuwa pake. Ndiyo maana anatoka. Anaacha kutafuta chakula, anasogea mahali pa wazi, anajibu, anamtafuta adui ambaye hayupo. Sisi tunainua darubini na kusema, "Ametusikia!" Kweli ametusikia, lakini alichosikia ni uongo.

Watu wa pwani tuna adabu ya zamani ya kwenda nyumba za watu. Unapiga hodi. Unapiga mara ya pili, na ya tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka bila kinyongo. Huulizi kama yumo ndani. Huenda yumo, na hataki kutoka, na hilo linamtosha kuwa sababu. Adabu hii haitegemei ukubwa wa mwenye nyumba. Maskini anapigiwa hodi sawa na tajiri, kwa kuwa kinachoheshimiwa ni ule mlango. Sasa mfikirie mtu aliyepiga hodi asiitikiwe, akazunguka uani na kuguta kwa sauti ya mwizi, ili mwenye nyumba atoke mbio na rungu naye apate kumwona. Amemwona, sikatai. Lakini nani atasema amemtembelea?

Najua jibu linalotolewa: ndege si mtu, na neno uongo halimhusu. Mvuvi humhadaa samaki kwa chambo kila siku na hatumwiti mwongo. Ni kweli, lakini mvuvi ana watoto wanaongoja kula. Sisi tunangoja picha. Hadaa yenye njaa nyuma yake na hadaa yenye hamu tu nyuma yake si kitu kimoja, hata kama ndege hawezi kuzitofautisha. Tena mvuvi akirudi kwenye mwamba uleule kila siku, samaki watakwisha naye ataona. Mgeni wa ndege haoni, maana kesho yuko Nairobi. Kwake ilikuwa dakika moja. Kwa bundi ni dakika moja ya kila kundi, msimu mzima. Kanuni za maadili za American Birding Association zinashauri sauti za kurekodiwa zitumiwe kwa kiasi, hasa kwa ndege adimu na mahali panapotembelewa na watu wengi. Msitu huu una sifa zote mbili.

Lipo jibu la pili, zito zaidi. Msitu huu haulindwi na uzuri wake. Nje ya mpaka wake kuna watu wanaohitaji kuni, makaa, nguzo za nyumba na shamba la mahindi. Tangu mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya limekuwa na mpango uitwao ASSETS, ambao hutumia mapato ya utalii, pamoja na misaada, kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kandokando ya msitu na ya Mida Creek. Hapo bundi anakuwa na kazi. Asipoonekana, wageni watapungua. Wageni wakipungua, mtoto atarudi nyumbani na baba yake atachukua shoka. Basi si afadhali bundi asumbuliwe kidogo kuliko akose mti wa kulalia?

Hoja hii nimeigeuza mara nyingi, na bado sioni kwamba inafika inakotaka kufika. Inathibitisha kwamba wageni lazima waje na walipe. Haithibitishi kwamba lazima waone. Hayo mawili tumeyafunga pamoja sisi wenyewe, kwa namna tunavyolipa.

Kulipokucha tulielekea kaskazini ya Malindi, kwenye nyasi fupi karibu na mahali Mto Sabaki unapoingia baharini. Huko tulikuwa tukimtafuta ndege mdogo wa rangi ya udongo, mwenye michirizi kifuani, aliyepewa jina la Malindi yenyewe. Hapa hakuna kichaka cha kujificha, kwa hiyo hila ni nyingine: watu hujipanga safu pana na kulifagia jani lote, ndege aruke. Mwongozaji wetu alitutia mstari mmoja nyuma yake, kwenye njia ya mifugo, kwa kuwa ndege wa jamii hii hutaga chini. Kijana mmoja akalalamika kwamba mbuzi wanakanyaga kuliko sisi. "Mbuzi yuko kazini," akajibu mwongozaji. Tulicheka, lakini ndani ya mzaha kulikuwa na hesabu ileile ya mvuvi.

Alasiri tulikuwa Mida Creek, kwenye daraja la mbao linalopita kati ya mikoko. Maji yalikuwa yanapwa. Kwenye tope hakuna wa kuitwa wala wa kufurumushwa. Ndege wako wazi, kwa mamia. Wapo wadogo waliotagwa kwenye nyanda za baridi za Siberia. Yupo mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huchimba shimo la kutagia katika mchanga wa pwani za Uarabuni na Ghuba, kisha huja kwetu kama majahazi ya zamani. Shida ya hapa ni hatua moja ya ziada, ya picha. Chakula chao kinaongozwa na maji. Yakijaa, meza imeondolewa. Kila wanaporushwa wanapoteza muda wa kula na nguvu wanazoziweka akiba, na deni hilo watalilipa huko njiani, mbali nasi.

"Kwa hiyo bundi sikumwona," mwalimu akasema pale darajani.

"Umemsikia, mwalimu."

"Kusikia si kuona."

Nakubaliana na mwalimu. Sipendi maneno ya kufariji yanayosema kwamba kukosa nako ni kupata. Mtu mwenye umri wake amesafiri, ametumia akiba yake, na amekosa alichokijia. Hiyo ni hasara. Kumheshimu ndege kuna gharama, na swali la haki ni nani aibebe.

Kwa sasa anayeibeba ni mwongozaji. Anayekataa kupiga sauti hupata bakshishi ndogo, na jioni huandikwa kwenye intaneti kwamba hakuonyesha ndege. Mwenzake anayepiga husifiwa kwa ustadi. Tukimwachia mtu mwenye kipato kidogo kuliko sisi sote awe mwadilifu kwa niaba yetu, kisha tumwadhibu kwa uadilifu huo, tusishangae siku atakapochoka.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku wenyeji ni wawili, na mgeni anaweza kuwafaa wote kwa sentensi moja, akiisema asubuhi kabla ya safari na si jioni baada ya kuona au kukosa: "Usimwite kwa ajili yetu, na malipo yako ni yaleyale."