Mifugo Ilihamishwa, Ugomvi Ukabaki

Tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa. Waliouawa walikuwa wa upande wa wakulima, na walioua walikuwa wafugaji. Kabla ya hapo kulikuwa na mvutano wa mashamba kuliwa, na wa ng'ombe kukamatwa, mambo ambayo vijiji vya mkoa wa Morogoro vilikuwa vimeyazoea kiasi cha kutoyaogopa tena. Tanzania, nchi iliyozoea kuitwa kisiwa cha amani, ilipigwa na msiba ambao wengi wetu tulidhani ni wa nchi za jirani.

Viongozi walifika, mikutano ikaitishwa, silaha zikarudi majumbani. Yaliyofuata ndiyo ninayotaka tuyatazame, maana yana onyo kwa kila anayekabidhiwa kazi ya kurudisha amani mahali palipomwagika damu.

Kilosa si wilaya yenye uhaba wa ardhi. Ukitoka Morogoro mjini, Uluguru ikiwa nyuma yako, unaingia katika mbuga pana za Mkata na Wami ambazo mgeni hawezi kuamini kwamba watu huuana kwa kuzigombea. Lakini sehemu kubwa ya ardhi nzuri karibu na reli, huko Kimamba na Rudewa, iligawiwa mashamba makubwa ya mkonge tangu enzi za ukoloni. Nyuzi za viwandani zilipoushusha mkonge bei, mengi ya mashamba hayo yaligeuka vichaka, na hati zikabaki kwa wenyewe walio mbali. Mkulima akabanwa pembeni. Mfugaji naye akabanwa, awe Mparakuyo mwenye makazi ya siku nyingi kama wale wa Twatwatwa, au mgeni aliyefika na mifugo iliyofukuzwa kwingine. Wanyonge wawili wakagombea upenyo uliosalia, na pori la tajiri likalala bila mtu.

Ugomvi wenyewe huanza hivi. Mahindi yamefika kiunoni. Usiku ng'ombe wanaingia, na asubuhi mwenye shamba anakuta mistari imelazwa chini, mabua yametafunwa, kinyesi bado kibichi. Anapiga yowe. Vijana wanawafuata ng'ombe, wanawakamata na kuwafungia nje ya ofisi ya kijiji. Utaratibu unataka bwana shamba aje apime eneo, akadirie magunia yaliyopotea, na mwenye mifugo alipe. Bwana shamba yuko kijiji cha tatu na pikipiki haina mafuta. Ng'ombe wanakaa siku mbili bila maji, na ndama walioachwa bomani wanalia njaa. Mfugaji anasikia habari hiyo, na kwake ng'ombe ni benki, ni mahari, ni maziwa ya mtoto. Mwisho analipa, lakini risiti haioni. Mkulima anasubiri fidia, inamfikia pungufu au haimfikii kabisa. Kila mmoja anarudi kwake akiamini kwamba ofisi imenunuliwa na mwenzake.

Hayo yamekuwa malalamiko ya pande zote mbili kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha mauaji, kuliko hata kwenye majani na mahindi. Mtu akishaona mizani ya serikali inainama kwa mwenye pesa, huacha kwenda ofisini. Mkulima hulitegemea jeshi la jadi la mwano, mfugaji huwaita morani. Tangu hapo, shauri la magunia matatu ya mahindi linakuwa shauri la heshima ya kabila zima.

Je, baada ya Rudewa ofisi zile zilisafishwa? Mipaka ya vijiji iliwekwa kwa makubaliano ya majirani? Mapori ya mkonge yaligawiwa wenye shida? Mengi ya hayo yaliachwa, na mkazo ukawekwa kwenye utulivu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu kule Mbarali, na wengine wakateremka na mifugo yao kuelekea mashariki na kusini. Oktoba 2008 watu waliuawa tena Kilosa. Mwanzoni mwa 2009 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo Kilosa kwenyewe. Kila palipofagiliwa palipata sifa ya utulivu, na bonde la mbele likapokea mifugo yenye njaa pamoja na watu wenye uchungu. Mwaka 2013 damu ilimwagika Mvomero, katika ugomvi wa bonde la Mgongola kati ya wafugaji wa Kambala na wakulima wa vijiji vya jirani. Katika miaka hiyo hiyo, wakulima waliokuwa na shauri la mipaka na kijiji cha wafugaji cha Mabwegere walifunga barabara kuu ya Dodoma pale Dumila. Shauri hilo lilikuwa limekwisha kupita mahakamani na wafugaji walishinda. Hukumu ni jambo kubwa, lakini majirani wasiposhirikishwa kuielewa na kuitekeleza, hubaki karatasi ya upande mmoja.

Morogoro ilikuwa na somo hili zamani. Miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli, lakini amri ilishushwa bila kuwasikiliza waliolijua jembe na udongo wa pale. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mradi ukaachwa.

Wapo waliofanya vizuri zaidi yetu wakiwa na mali kidogo. Huko Wajir, kaskazini mwa Kenya, koo za Wasomali zilipigana mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpaka sokoni mwanamke wa ukoo huu hakuweza kumuuzia wa ukoo ule. Wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia hapo hapo sokoni. Walihakikisha kila mmoja anaweza kununua na kuuza bila kuulizwa ukoo, na wakaunda kamati ya kusikiliza kila tukio siku ile ile. Baadaye waliwavuta wazee, na mwaka 1993 koo zikatia saini Azimio la Al-Fatah. Azimio lilikuja baada ya maziwa kuanza kuuzwa tena, na likashika kwa sababu kulikuwa na watu wa kulilinda kila siku.

Sisi hatukosi nyenzo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaagiza kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la watu saba, watatu wao wanawake. Wataalamu nao tunao. Pale Dakawa, wilayani Mvomero, ndipo alipofia Waziri Mkuu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984 kwa ajali ya gari. Alikuwa Mmasai wa Monduli, na chuo kikuu cha kilimo kilichopo Morogoro kinaitwa kwa jina lake. Mkoa unaomuenzi mtoto wa wafugaji kwa chuo cha kilimo una wataalamu wa udongo, wa malisho na wa mifugo mlangoni pake. Serikali nayo imefuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa Kilosa. Ni hatua njema, mradi ardhi hiyo isiishie kwa wakubwa wapya.

Mtoto aliyepoteza wazazi Rudewa mwaka 2000 sasa ni mtu mzima, huenda ana shamba na watoto wake. Mtoto wa mfugaji aliyefukuzwa 2009 naye anachunga mifugo yake mwenyewe. Hawa wawili hawawezi kuambiwa wasahau. Wanaweza kupewa bikoni za mipaka ambazo wote wawili walisimama zilipokuwa zikifukiwa, njia ya mifugo isiyokatwa na shamba la mtu, lambo lenye maji kiangazi, na fidia inayolipwa hadharani kwa risiti.

Enyi wenyeviti wa vijiji vya Kilosa na Mvomero, liketisheni baraza lenu kabla ya mvua, wakulima na wafugaji wakiwa kwenye mkeka mmoja, na mizozo iliyosalia msimu uliopita iishe kabla jembe halijaingia ardhini. Nanyi wa wilaya, mtieni bwana shamba mafuta kwenye pikipiki.